Kichwa cha Gololi

Simu iliingia Alhamisi asubuhi, wakati mpiga picha amemkalisha mzee mmoja kwenye kigoda cha studio na kumwomba asicheke, maana picha ya pasipoti haitaki meno. Aliyepiga alikuwa mtafiti wa ndege kutoka jumba la makumbusho. Alisema mpiga picha wao ameugua ghafla, na kwamba yeye alikuwa ameziona picha ambazo mwenye studio aliwapiga mbayuwayu wanaojenga kwenye dari la baraza yake. Je, angeweza kuondoka nao Jumamosi kwenda mlimani siku tano, kumtafuta ndege ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpiga picha?

"Naweza," alisema mpiga picha, kabla hata ya kuuliza ni mlima gani. Mzee wa pasipoti akacheka, ikabidi picha irudiwe.

Miaka kumi na moja alikuwa akipiga nyuso za watu mbele ya pazia jeupe. Siku hiyo alifunga studio mapema na kwenda nyumbani karibu anakimbia.

Sharti la mtafiti lilikuwa moja: kila mtu abebe mzigo wake mwenyewe, na usizidi kilo tisa. Jioni alitandaza kila kitu kwenye zulia la sebuleni, akajaza mkoba, akauweka kwenye mzani. Kilo tisa na gramu mia sita. Akatoa sweta. Akafikiria baridi ya juu kule, akalirudisha.

Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa ameketi kwenye kochi akimtazama. Shangazi alikuwa nesi mstaafu. Miaka thelathini alipima watoto wachanga kliniki, na mikono yake ilizoea uzito kiasi kwamba mama akimkabidhi mtoto, yeye alishajua kabla mshale wa mzani haujatulia. Akainuka, akaanza kuokota kitu kimoja kimoja na kukipima kiganjani. Alipoifikia tripodi, akasita.

"Mwanangu, huyu ana kichwa kikubwa."

Hakukosea. Juu ya miguu mitatu myepesi kilikaa kichwa cha chuma cha zamani, kile kinachoshika kamera na kuigeuza huku na huku. Wakakifungua, wakakipima peke yake: gramu mia nane na ishirini.

"Kesho tunakwenda kumtafutia kingine," alisema shangazi.

"Tunakwenda? Na wewe?"

"Mimi nibaki hapa nifanye nini, nihesabu vigae?"

Ijumaa saa tatu walikuwa mlangoni kwa muuza vifaa vya kamera. Watu walimwita Profesa, kwa sababu hakuuza kitu bila kukitolea mhadhara kwanza. Aliposikia habari ya ndege na mlima, akasahau hata chai yake. Akapanga vichwa vitatu juu ya kaunta, vyote vya namna moja: ndani ya kila kimoja mna gololi kubwa inayozunguka upande wowote, na pembeni mna skrubu ya kuikaza. Ukilegeza, kamera inageuka utakavyo. Ukikaza, inaganda.

"Inatakiwa igande," alisema Profesa. "Hapo ndipo vinapopishana."

Cha kwanza kilikuwa kidogo kama yai, gramu mia moja na themanini tu. Mpiga picha alikishika, akaona kama matatizo yake yote yameisha. Akafunga kamera pamoja na ile lenzi yake ndefu, akaielekeza ng'ambo ya barabara kwenye kibao cha daktari wa meno, akaweka herufi M katikati kabisa ya kioo cha kamera, akakaza, akaachia mikono. Herufi M ikaanza kupanda polepole. Ikatoka juu ya kioo, na badala yake ukaingia mlango wa daktari. Lenzi ilikuwa inainama kama mtu anayesinzia mkutanoni.

"Hiki ni cha kamera ndogo," alisema Profesa, akikirudisha kwenye boksi kwa heshima.

Cha pili kilikuwa chekundu, kinang'aa. M ilikaa palepale, haikusogea hata unywele. Mpiga picha alikuwa ameshaanza kutabasamu, shangazi akafungua pochi na kutoa glavu za sufu.

"Vaa, halafu ukaze tena."

Alivaa. Kiskrubu kilikuwa kidogo na laini, vidole vikateleza mara tatu, na mara ya nne kamera ikadondosha pua. Profesa aliidaka kwa mikono miwili.

"Huko asubuhi vidole vitakuwa vimekufa ganzi," alisema shangazi. "Hiki kizuri kwa harusi."

Cha tatu kilikuwa cheusi, hakina sura, na skrubu yake ilikuwa nene, yenye mikunjo ya kushika vidole. Kwa glavu kilikaza. M ikaganda. Profesa akagonga kaunta kwa ngumi. M ikatetemeka, ikatulia mahali pake. Boksi lilisema gramu mia tatu na kumi. Shangazi akakichukua kiganjani, akafumba macho.

"Hapana. Hiki ni mia tatu na hamsini na kitu."

"Mama, kiwanda kimepima," alisema Profesa.

"Na mimi nimepima."

Profesa akaleta mzani wake mdogo kutoka nyuma. Mia tatu hamsini na tano. Alitazama mzani, akamtazama shangazi, kisha akaelewa: kiwandani walikuwa wamekipima bila kile kibati kinachofungwa chini ya kamera. Tangu hapo alimwita shangazi "mwalimu".

Lakini hesabu bado ilikuwa haijakaa sawa. Kichwa kipya kilipunguza gramu mia nne sitini na tano, na zilizohitajika ni mia sita. Mpiga picha akaanza kulifikiria tena lile sweta. Shangazi alikuwa ameinama kwenye tripodi, akigonga bomba lililosimama katikati ya miguu.

"Na hili ni la kazi gani?"

"La kuinulia kamera juu zaidi," alisema Profesa.

"Huko si atakuwa amelala kifudifudi, ndege asimwone?"

Profesa akachukua bisibisi. Bomba lilikuwa na gramu mia mbili na arobaini, na kichwa cheusi kikafungwa moja kwa moja juu ya miguu, kikakaa kama kimezaliwa hapo. Mpiga picha alimkumbatia shangazi katikati ya duka, kisha, kwa kuwa furaha ilikuwa bado imebaki, akampa Profesa mkono na kuutikisa hadi miwani yake ikashuka puani.

Siku ya tatu mlimani, kabla jua halijachomoza sawasawa, alikuwa amelala tumbo kwenye nyasi zenye umande, mtafiti kando yake. Upande wa pili wa bonde, katika ufa wa mwamba, palikuwa na kitu cha kijivu. Mtafiti alikuwa amemtafuta ndege huyo miaka sita. Mwanga ulikuwa hafifu mno, picha moja ilihitaji karibu sekunde nzima, na kwa sekunde nzima hakuna kitu kilichoruhusiwa kutikisika. Alilegeza gololi, akamweka ndege katikati, akakaza kwa vidole visivyohisi kitu, akaachia. Ndege alibaki palepale. Akabonyeza.

Kioo cha kamera kilipowaka, mtafiti alisogeza uso karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu. Akaupangusa kwa mkono wa koti. Kola ya njano shingoni ilionekana, na jicho, na kila unyoya wa kifuani.

"Kuza hapo chini ya bawa," alinong'ona.

Akakuza. Chini ya bawa palikuwa na mdomo mwingine, mdogo, umefunguka.

"Ana kinda," alisema mtafiti. "Piga tena. Tafadhali, piga tena."

Mpiga picha alikuwa ameshaanza kulegeza skrubu.