Butoni Tatu za Havyarimana

Gracien alikuwa fundi wa redio karibu na daraja la Mulongwe, mjini Uvira. Wateja walimjua kwa mambo mawili: mdomo wake haukosi utani, na mikono yake haijui kukaa bure. Utani ulimletea ugomvi mdogo mdogo tu, hasa na wakwe zake. Mikono ndiyo iliyomponza.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita ya pili ya Kongo. Umeme ulikuwa umekatika tangu Pasaka, kwa hiyo Gracien alipasha chuma chake cha kulehemu juu ya mbabula ya makaa, na wapita njia waliuliza kama mahindi yameiva. Jumatatu moja akaja mwanamume mwembamba kutoka Lubarika, kule kwenye bonde la Ruzizi. Alijitambulisha kwa jina la Ndayiragije, akaweka mezani kitu kilichofungwa katika kitenge.

Ndani mlikuwa na pedali ya gitaa, ile ya eko: kisanduku cha plastiki kinachokaa mguuni pa mpiga gitaa, na akikikanyaga, kila noti inarudi mara ya pili na ya tatu kama anayeita mlimani. Upande mmoja ulikuwa umepondeka vibaya. Juu yake kulikuwa na butoni tatu za kuzungusha, kama za redio, na hizo zilikuwa nzima.

"Ng'ombe ndiye aliikanyaga," Ndayiragije alisema. "Siku tulikimbia. Watu, ng'ombe, mbuzi, wote mu barabara moja. Kaka yangu Havyarimana alipigwa risasi pale pale, pedali ikaanguka. Bibi yake, shemeji yangu, ndiye aliiokota."

"Pole sana, ndugu yangu."

"Nimeshapoa. Jumamosi tunaganduka."

Gracien hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwa watu wa bonde, kuganduka ndiyo siku ya kumaliza kilio: watu wanakunywa pamoja, wanamsema marehemu, na toka hapo majembe na ngoma vina ruhusa ya kurudi nyumbani. Lakini ukoo huu ulikuwa umetawanywa na vita, wengine wakavuka Burundi, wengine wakajibanza Uvira, na kilio kilichotakiwa kiishe mapema kilikuwa sasa na miaka miwili. Muda huo wote Ndayiragije hakuwa amegusa gitaa. Kabla ya hapo kaka yake alikuwa akipiga solo katika korali ya kanisa, na yeye akimfuata kwa gitaa la pili.

"Nitapiga solo yake," alisema, "lakini kwa sauti yake. Unaona hizi butoni? Ziko vile aliziacha asubuhi ile. Kaseti hatuna. Picha ziliungua pamoja na nyumba. Kaka yangu kilichobaki ni hiki. Sanduku badilisha, waya badilisha. Butoni usiguse."

"Minye fundi, si mtoto," Gracien alijibu, na alimaanisha. "Nami nikuulize. Betri ikikufa, gitaa inafanya nini?"

"Inanyamaza."

"Ndiyo ubaya wa hizi mashine. Hata ukiizima, sauti bado inapita ndani yake, inatoka imechoka. Nitakuwekea njia ya pembeni. Ukiizima, sauti itatoka mu gitaa iende moja kwa moja mu bafle, mu spika yenyewe, ndani haipiti hata kidogo. Betri ikikufa katikati ya wimbo, unakanyaga, unaendelea."

"Na sauti ya kaka?"

"Ukiiwasha, iko ile ile."

Ndayiragije alifikiri kidogo, akakubali, akaondoka bila kitenge chake.

Sanduku lenyewe lilimpa Gracien kazi ya kufikiri. Kopo la maziwa lingekunjika kwa mguu wa kwanza. Kasha la risasi lingefaa, tena yalikuwa yamezagaa kila mtaa, ila nani apite nalo kwenye vizuizi vya barabarani, tena lina waya ndani? Mwisho akaenda kwa wasubu sufuria, wanaoyeyusha pistoni za malori, akawaomba wamwagie kisanduku cha aluminiamu chenye ukubwa wa mche wa sabuni. Walimcheka kwamba sufuria hiyo itapika wali wa panya. Walikimwaga hata hivyo, kizito na kizuri, na juu yake Gracien akachonga kwa patasi neno KORALI, ili askari asije akadhani ni simu ya upepo.

Jumatano asubuhi akaketi kuifungua pedali. Kalamu ilikuwa sikioni na kipande cha karatasi mezani, maana alikuwa amepanga kuchora kwanza kila butoni inaelekea wapi, kama mtu anayechora mishale ya saa. Alifungua kifuniko. Vumbi la Ruzizi lilikuwa limejaa hadi kwenye shingo za butoni.

Ni lazima niseme jinsi mafundi wa Uvira wanavyofanya kazi, vinginevyo mtu atamwona Gracien mpumbavu. Redio inayotoka bondeni, kabla hujauliza inaumwa nini, unachovya unyoya wa kuku kwenye petroli, unapitisha kwenye shingo ya butoni, halafu unaizungusha kushoto na kulia mara kumi, mpaka mkwaruzo uishe. Gracien alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Hata usingizini mkono wake ungefanya hivyo. Na asubuhi ile alikuwa akimsikiliza jirani akisimulia habari za barabara ya Bukavu, unyoya uko mkononi, na mkono ulikuwa umeshamaliza butoni ya tatu ndipo akili ilipoufikia.

Akaacha. Akazitazama. Ziligeuka kila moja na upande wake, na hakuna hata moja aliyokumbuka ilikuwa wapi. Kalamu ilikuwa bado sikioni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake jirani alimwambia neno la utani asilijibu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alichoweza kufanya ni kuifanya kazi iliyobaki vizuri kuliko kazi zote alizowahi kufanya, kana kwamba hiyo ingelipia. Alihamishia mashine kwenye sanduku jipya. Kwa ile njia ya pembeni alitumia kibonyezo cha televisheni iliyokufa, chenye miguu sita: bonyezo moja linapeleka sauti kwenye eko, bonyezo la pili linaunganisha moja kwa moja mlango wa kuingilia na wa kutokea. Juu yake akaweka kipande cha kandambili za mpira wa gari, kisivunjike kwa mguu. Jaribio la kwanza, kabla hajaunga waya wa ardhi kwenye aluminiamu, bafle ilimletea mhubiri wa redio ya Bujumbura akikemea waongo. Gracien akaunga waya haraka. Mwisho akaziweka butoni zote tatu katikati, kwa sababu katikati hapamwudhi mtu.

Ijumaa Ndayiragije akarudi na gitaa mgongoni. Alifuatana na mwanamke wa makamo, mpole wa macho, aliyevaa nguo nyeusi.

"Huyu ni shemeji yangu Generose," alisema. "Bibi ya marehemu." Kisha akauliza lile alilolijia. "Butoni?"

Gracien alikuwa amejiandaa kusema kweli. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lenyewe njiani. Lakini alimtazama yule mtu, jinsi alivyoshika mkanda wa gitaa kwa mikono miwili.

"Ziko vile vile," akasema.

Waliunga bafle kwenye betri ya gari. Ndayiragije akapiga kwanza pedali ikiwa imezimwa, na gitaa likasema wazi, bila mkwaruzo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaikanyaga. Noti ya kwanza ikatoka, ikarudi, ikarudi tena, na mtu yule akafumba macho.

"Ni yeye," alisema. "Shemeji, unasikia? Ni yeye kabisa."

Generose akamgeuzia macho fundi. Ndayiragije akaingia katika solo, vidole vikijikwaa mwanzoni kwa miaka miwili ya kukaa bure, kisha vikakumbuka. Wauza dagaa wakasimama mlangoni. Machozi yalimtiririka naye hakuyafuta, maana mikono ilikuwa kazini. Gracien alitamani ardhi ipasuke. Kumwibia mtu redio ni aibu, lakini hapa alikuwa amemwuzia mtu ndugu yake wa bandia.

Wimbo ulipoisha hakuweza tena.

"Ndugu yangu," alianza, "kuna neno..."

"Shemeji," Generose akamkatiza, "kimbia uzuie nafasi mu kamioneti ya Luberizi. Ikijaa tutalala hapa."

Ndayiragije akaweka gitaa chini, akatoka mbio, wauza dagaa wakatawanyika. Generose akamgeukia fundi.

"Uligusa," alisema.

"Niligusa, mama. Mkono ulinishinda. Akirudi nitamwambia, hata anipige."

"Utamwambia nini?" Akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Siku ile niliiokota, nikaiweka mu kikapu. Tulilala Kavimvira mu darasa siku tisa. Mtoto alilia njaa, minye sina kitu, nikampa hiyo achezee. Alizungusha zile butoni mpaka usingizi ukamkamata. Kila siku hivyo. Shemeji alipotupata alikuwa hali, hasemi, tukaona naye anamfuata kaka yake. Akaiona pedali. Akauliza kama kuna muntu ameigusa. Nikamwambia hapana. Siku ile akakula."

Gracien alihisi mzigo ukimtoka, na papo hapo akaona haya kwa kufurahi. Siku tatu alikuwa ameomboleza kitu kilichopotea miaka miwili kabla hajakiona. Mwanamke huyu alikuwa amekificha miaka hiyo miwili peke yake.

"Na kweli marehemu alikuwa anasikika hivi?" aliuliza.

"Hapana. Alipenda eko kidogo tu. Hii imezidi." Alisema bila kusita. "Alipiga kila jioni mlangoni kwangu. Naijua."

"Basi iweke mwenyewe, mama. Zungusha. Unaweza kuirudisha vile ilikuwa."

Generose akanyoosha mkono. Vidole vyake vilifika kwenye butoni ya kwanza, vikaigusa, na Gracien akauona uso wake ukibadilika, ukawa uso wa mwanamke anayengojewa na mtu nyumbani. Kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Ameshamsikia ndugu yake," alisema. "Nikiirudisha, kesho atasikia muntu mwingine. Uko na kitu cha kuzikamata zisizunguke?"

Gracien alikuwa nacho. Mafundi huzuia skrubu ndogo za redio kwa rangi ya kucha, na yake ilikuwa nyekundu. Akatia tone moja kwenye shingo ya kila butoni, akapuliza mpaka zikakauka.

Ndayiragije akarudi akihema. Nafasi zilikuwa zimepatikana, mbili, nyuma, juu ya magunia ya chumvi. Akainama, akaziona zile alama nyekundu, akampiga Gracien bega.

"Umefanya vizuri, fundi. Sasa hata barabara ikitikisa namna gani, zitabaki pale aliziacha. Si kweli, shemeji?"

"Ndiyo," Generose alisema. Akaifunga pedali katika kitenge, na Ndayiragije alipotaka kuipokea, akamwambia abebe gitaa tu.