Barua ya Kumuaga Bosi

Barua ile niliiandika mimi.

Mama mdogo Kunigunda alipika miaka sita katika nyumba ya wageni kule Mbamba Bay. Mwezi wa tatu bosi alimfuata jikoni, akamwambia kwa mdomo tu kwamba wageni wamepungua, mwezi ukiisha asirudi. Alipofika nyumbani aliniambia, "Ottilia, wewe umesoma chuo. Niandikie barua nimuage yule baba. Mtu haondoki kimya kama mwizi."

Chuoni tulifundishwa mfano mmoja tu wa barua ya kuondoka kazini. Nikaufuata: "Kwa heshima naomba kuacha kazi. Nashukuru kwa malezi yako." Mama mdogo aliipeleka kwa mikono miwili.

Wiki iliyopita tulipanda hadi Mbinga, ofisi ya mafao. Jirani alikuwa amemwambia mama mdogo kuwa walioachishwa kazi hulipwa kwa miezi michache, naye alitegemea fedha hiyo imshike mpaka apate jiko jingine.

"Shikamoo mama," alisema karani, kijana aitwaye Aidan.

"Marahaba mwanangu. Nimefuata fao la kuachishwa kazi."

Aidan alitazama kompyuta, kisha akatugeuzia kioo.

"Mama, hili ni la aliyeachishwa. Mwajiri wako ameandika uliacha mwenyewe. Na barua yako ameiambatisha."

Mama mdogo akacheka. "Hiyo? Hiyo ya kuaga tu! Ningeondoka bila kuaga, ungesema nimelelewa na nyani."

"Umeaga vizuri mno, mama."

"Aliandika huyu," akasema, akininyooshea kidevu kwa fahari.

Nilitazama sakafu. Nikasema, "Kaka, kosa ni langu. Yeye alifukuzwa. Mimi ndiye sikujua kuandika."

"Dada, nakuamini. Lakini mimi nalipa kwa kilichoandikwa." Alisugua macho. "Mwajiri akitoa barua kwamba alimwachisha, tutaanza upya."

Aidan mwenyewe alipiga simu ya bosi, mara tatu. Haikupatikana. Nasi tulijua: nyumba ile iliuzwa baada ya Pasaka, mlango una kufuli, na bosi alihama bila kumwambia mtu anakokwenda.

"Hakuaga," alisema mama mdogo polepole.

Tulikaa kwenye baraza. Akatoa karatasi kwenye kikapu, akailaza juu ya goti langu.

"Andika nyingine."

"Kwa nani, mama mdogo?"

"Kwa huyo huyo Aidan. Mwambie ile ilikuwa adabu tu. Na uanze na salamu, usimrukie mtoto wa watu."

Nilitaka kumwambia kwamba barua yetu haitasaidia. Nikaandika tarehe, nikaandika salamu, kalamu ikasimama. Mama mdogo akaegemea bega langu asome ninachoandika, akikunja macho, kwa sababu miwani yake ilibaki kwenye rafu ya jikoni kule, nyuma ya kufuli.