Karatasi ya Radi

Mwandiko mzuri uliniponza. Katika ofisi nzima ya michoro pale Tirana hakuna aliyepanga herufi kama mimi, kwa hiyo kila karatasi ya radi, ile tuliyobandika ukutani kumshutumu mwenzetu, ilipitia mezani kwangu. Niliandika za wachelewaji, za walevi, hata ya kijana mmoja mwenye suruali pana. Sikujali. Nasema ukweli, wala sijitetei.

Mwaka ule wa sabini na nne, Hysni, katibu wa Chama ofisini, akaniletea ya Vangjel, mkuu wa chumba chetu, mtu aliyenifundisha kushika kalamu ya wino. Kosa lake lilikuwa dirisha. Shule ya chekechea aliyoisanifu karibu na kiwanda cha nguo ilikuwa na dirisha moja refu, toka kona hadi kona ya ukuta, na Chama kilikuwa kimeanza kunusa ubepari kila mahali. Hysni aliandika kwamba dirisha lile ni la kigeni na linawadharau wafanyakazi. Hysni huyohuyo, wakubwa walipolisifu mwaka uliotangulia, alizunguka korido zote akijipachika humo, eti yeye ndiye aliyeshauri. Mtu hana haya wala soni.

Ila dirisha halikuwa la Hysni, wala halikuwa la Vangjel. Lilikuwa langu. Vangjel alichora madirisha manne ya kawaida, akaenda kunywa kahawa. Mimi nikayaunganisha kwa penseli ili watoto wapate jua. Akarudi, akalitazama, akacheka, akasema liache hivyohivyo. Tuliojua ni sisi wawili tu.

Nikaiandika karatasi ya Hysni. Niliiandika kwa herufi nyekundu zilizonyooka, maana aliyeshutumiwa kwa jambo kama hilo angeweza kufukuzwa mjini, na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi saba.

Mshutumiwa alipewa siku tatu ajibu, naye kwa karatasi vilevile. Kesho yake Vangjel alikuja na jibu lake, akaniomba nimwandikie. Alikuwa amekubali kila kitu. Mstari wa mwisho ulisema dirisha alilichora peke yake.

"Hii si kweli, ndugu Vangjel," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Andika tu, binti yangu."

"Siandiki uongo mimi."

"Jana uliandika ukurasa mzima wa uongo," akasema, bila ukali wowote. "Leo mstari mmoja ndio unakushinda?"

Nikaivuta karatasi yake karibu.

"Wangu wameshakuwa watu wazima," akasema. "Wako ndiyo kwanza anaota meno. Hapo penye 'peke yangu' paandike vizuri, pasomeke hadi mlangoni."

Nikapaandika vizuri.

Jumamosi tulikusanywa ukumbini. Hysni alisoma pendekezo kwamba Vangjel aondolewe ofisini, apelekwe kusini kwenye tanuri la matofali akajifunze kutoka kwa wafanyakazi. Mtu aliyejenga nusu ya shule za mji huu, akafundishwe tofali. Kisha Hysni akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu dirisha. Neno nilikuwa nalo, limefika ulimini kabisa. Vangjel alikuwa akitazama viatu vyake. Hakunitupia jicho hata mara moja.

Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Wakanyoosha wote, hata wale aliowasimamia harusi zao. Hysni akapitisha macho safu kwa safu hadi akafika kwangu, akasubiri.

Nikaunyoosha. Ndipo nikamsikia Vangjel akishusha pumzi, ametulia kabisa, kana kwamba anayehukumiwa pale nilikuwa mimi, nami nimeachiwa. Hilo sijawasamehe Hysni na Chama chake. Wala mimi sijajisamehe.