Mke Asiyejua Ufunguo Ulipo

Kila baada ya miaka mitano Bwana Lumley wa ofisi ya leseni alikuja kukagua bunduki za Desmond Tallentire, na kila mara, kabla ya kufunga faili lake, alimgeukia mke wa Desmond na kumuuliza swali lilelile.

"Na ufunguo wa kabati unakaa wapi, mama?"

"Mimi najuaje? Muulize mwenyewe," Noreen alijibu kila mara. Bwana Lumley akacheka, akaandika, akachukua skonzi ya pili.

Katika bonde lile zima hapakuwa na mke asiyejua. Sheria inasema ufunguo wa kabati la bunduki ni wa mwenye leseni peke yake, mkewe asiujue, wala watoto, wala paka. Mke akiujua, ni kama kabati liko wazi, na bunduki zinachukuliwa. Haya, sheria ni sheria. Lakini nani anafuta vumbi humo ndani? Ufunguo wa Desmond ulikaa miaka thelathini nyuma ya saa ya ukutani, na Noreen ndiye aliyeishusha saa hiyo kila mwezi na kuipangusa. Wake wote walijua, na wote walijua namna ya kutojua. Bwana Lumley, ambaye alikuwa askari kabla hajastaafu na naye alikuwa na mke na bunduki zake, alilijua hilo kuliko wote.

Kisha ukaja mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo. Mwishoni mwa Agosti watu waliovaa ovaroli nyeupe waliingia shambani wakaua kondoo wote wa Desmond kwa siku moja. Wala hawakuwa wagonjwa. Walioumwa ni wa jirani, na amri ilikuwa kwamba walio karibu nao wafe pia. Kondoo wale walitokana na wa babu yake. Waliujua mlima bila uzio, kila jike akimfundisha mwanawe wapi pa kula na wapi pa kujificha upepo, na kondoo wa namna hiyo huwezi kwenda mnadani ukawapata wengine. Desmond alisimama langoni mpaka mwisho. Jioni aliingia jikoni, akanawa mikono, akasema, "Naona kiazi kimeiva," akala.

Hakulia wala hakugomba. Noreen angefurahi kama angegomba.

Mwaka huo hapakuwa na msimu wa kuwinda kwale, milima ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Hata hivyo Desmond alisafisha bunduki. Alikuwa nazo tatu: bunduki ndogo ya kupigia mbweha, bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo za ndege, aliyoinunua mwenyewe, na nyingine ya marisau, ya mitutu miwili, aliyoachiwa na baba yake. Mtu anayewinda husafisha bunduki akirudi kutoka mlimani, kwa sababu ya mvua na baruti. Huyu hakuenda popote, na kila siku baada ya chai ya saa kumi aliitoa ile ya baba yake, akaifungua, akapitisha kitambaa kwenye mitutu, akapaka mafuta kwenye kitako mpaka mti ukang'aa, akaiweka mapajani na kukaa nayo.

"Safi hiyo, Des," Noreen alimwambia siku moja. "Hata risasi zitaona haya kupita."

"Mm," alisema Desmond.

"Nenda kamwone daktari. Hulali hata kidogo."

"Nikamwambie nini? Kwamba silali? Atawaambia wa leseni, na kesho yake wanakuja na gari kuchukua bunduki. Acha hayo, msichana."

Alikuwa akimwita msichana tangu walipooana, na sasa Noreen alikuwa na miaka sitini na moja.

Wiki ya pili ya Oktoba, Jumapili, Desmond alimpa Stan Coatsworth mbwa wake. Stan alikuwa rafiki yake tangu shule, na mbwa alikuwa Fern, aliyefundishwa na Desmond mwenyewe kuokota ndege bila kuwatoboa. "Anahitaji kazi, na kwangu kazi hakuna," alisema. Jumatatu alimwonyesha Noreen droo ya karatasi za nyumba, akamweleza ipi ni ipi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Jumanne, Noreen alipokuwa akianua nguo, alimwona akiingia zizi la kuzalishia kondoo, ambalo hakuna aliyelikanyaga tangu Agosti. Alisogea kwenye dirisha la zizi. Alimwona mumewe akipanda juu ya ndoo, akafungua kopo la rangi nyekundu ya kuwekea kondoo alama, akadumbukiza ufunguo, akalirudisha kwenye rafu ya juu.

Miaka thelathini ufunguo haukuhama. Noreen alisimama na shuka mikononi, akaelewa kila kitu: mbwa, karatasi, na sasa ufunguo.

Alifanya nini? Aliwaza kuuiba. Lakini Desmond angejua kabla ya jua kuzama, na angelivunja kabati kwa nyundo na patasi. Aliwaza kuwapigia simu polisi. Lakini kule milimani mke anayemshtaki mumewe kwa polisi anaweza kufunga virago siku hiyohiyo. Na zaidi ya hayo, Desmond angejua kwamba ameonekana, kwamba mkewe amemwona alivyo, na aibu hiyo ingemmaliza bila bunduki. Alikumbuka kwamba Lumley anakuja Alhamisi. Basi akapiga moyo konde, akaoka skonzi.

Lumley alifika saa nne. Alivikagua vyeti, akasoma namba zilizochorwa kwenye vyuma, akatikisa kabati kuona kama limeshika ukuta. Alisema pole ya kondoo. Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Na wewe mwenyewe, Des? Uko sawa?"

"Kama mtu mwingine yeyote," alijibu Desmond.

Lumley akaandika kwamba yuko sawa. Ndivyo wanavyopima watu kwetu: unamuuliza mwanamume wa milimani kama yuko sawa, akisema ndiyo, unapiga mhuri.

"Haya," akasema Lumley, akigeuka na tabasamu lake la kila miaka mitano. "Na ufunguo unakaa wapi, mama?"

"Kwenye kopo la rangi ya kondoo," alisema Noreen. "Zizi la kuzalishia, rafu ya juu. Nikuletee?"

Lumley aliweka kikombe chini polepole.

"Unatania, mama," alisema. "Umekisia tu, sivyo?" Alikuwa akimfungulia mlango, maskini, wazi kabisa. Alichotakiwa Noreen ni kucheka tu na kusema ndiyo, natania, na bunduki zingebaki.

"Nikisie nini na nimeuona kwa macho yangu?" alisema. "Utakuwa umejaa rangi. Ngoja." Akatoka, akarudi na ufunguo mwekundu, akauweka mezani kando ya siagi.

Desmond alikuwa mweupe kama unga. "Msichana, umefanya nini?"

"Kwani nimesema nini? Si ameuliza?"

Lumley alizitia bunduki tatu kwenye mifuko yake, akamwandikia Desmond risiti, na hakumtazama mtu usoni. Ile ya baba yake Desmond aliibeba mwisho. Desmond aliisindikiza kwa macho mpaka gari likapinda kona, kisha akamgeukia mkewe.

"Mdomo," alisema. "Miaka thelathini na minane, kumbe nimeoa mdomo." Usiku huo alihamia chumba cha nyuma, na hakumwita msichana tena. Hakumwita chochote.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili. Kufikia Krismasi Noreen alikuwa na jina jipya, Redio. Wanawake walionyamaza akiingia ukumbi wa kanisa walikuwa walewale ambao kila mmoja anajua ufunguo wa mumewe. "Jamani, msiseme, Redio kaingia!" alipiga kelele Stan, na watu wakashika mbavu. Noreen alimimina chai kwenye vikombe vyao, akatabasamu kama mjinga. Alichukia kila jino lililoonekana wakicheka. Nyumbani alikaa mezani na mtu aliyekula kwa hasira, akaamka kwa hasira, akakata kuni kwa hasira, na kila asubuhi akisikia hatua zake nzito nyuma ya ukuta, alishukuru.

Aprili Desmond alileta kondoo wageni sitini, wasioujua mlima. Aliwatukana, akakimbizana nao bila mbwa, akarudi jioni hoi. Siku ya kuwawekea alama aliingia zizini kutafuta rangi. Noreen alimwona akitoka na kopo, akisimama uani muda mrefu akiliangalia. Kisha akaingia jikoni na viatu vya matope, akaliweka mezani.

"Niliuweka humu Jumanne," alisema. "Lumley alikuja Alhamisi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulinifuata."

"Nilikuwa naanua nguo. Halafu, ndiyo, nilikufuata."

Desmond alivuta kiti, akakaa. Alionekana mzee. "Hukuropoka."

"Sijaropoka hata siku moja maishani mwangu, Des. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote."

Kidole chake kilichora duara juu ya mfuniko wa kopo. Noreen alingoja. Miezi sita alikuwa akiingoja saa hii, na alikuwa ameshajipangia atakavyojibu akishukuriwa, na hata akitukanwa.

"Usimwambie mtu," alisema Desmond.

"Nini?"

"Kwa nini ulisema. Wasijue. Stan na wale wote." Hakuinua macho. "Waache waendelee kuona vile wanavyoona. Tafadhali, msichana."

Noreen aliangalia nywele zake zilizokuwa zimepungua utosini. Alitaka kumrushia kopo. "Sawa," alisema.

Jumapili ile walikwenda ukumbini pamoja, mara ya kwanza tangu vuli. Stan aliwaona mlangoni, akainua kikombe. "Fungeni midomo, Redio huyo!" Watu wakacheka, na Desmond, aliyekuwa amesimama kando ya mkewe, akacheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. Noreen akavua koti, akaenda kuchukua birika, akaanza kuwamiminia.