Mwalimu Asiyetoa Ruhusa

Chumba cha nyuma cha duka la dobi kilikuwa na mlango mmoja, mlango ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa na mwenyewe: Shangazi. "Vumbi halibishi hodi," alisema kila alipolisukuma. Basi vumbi likabaki nje na Gundi akabaki ndani, yeye na pasi, mvuke, na rundo la mashati lenye tabia ya ugonjwa sugu: ukilipunguza asubuhi, jioni limerudi na ndugu zake.

Jina la Gundi alilipata sekondari. Mwalimu wao wa jiografia, mzee mwembamba wa koti moja misimu yote, alikuwa na kanuni ambayo mkuu wa shule aliichukia kama jino bovu. Mlango wa darasa lake haukufungwa. Anayetaka kutoka haombi ruhusa. Anasimama, anasema kwa sauti anakokwenda, anakwenda. Akirudi, anawaeleza wenzake alichokiona njiani. Wenzake walikwenda chooni, langoni, mtoni. Mmoja alikwenda kwao kabisa, akarudi wiki iliyofuata na habari tele. Gundi peke yake, hata kibofu kikimlilia, aliinua kidole.

"Mwalimu, naomba ruhusa."

"Ruhusa sina, mwanangu. Niliigawa yote siku ya kwanza. Wewe sema tu unakokwenda."

Naye hukaa tena, miguu ameibana, darasa zima hoi kwa kicheko.

Usimcheke na wewe. Mtoto aliyeachwa mlangoni kwa dada ya baba yake, na kibegi cha nguo, hujifunza mapema kuomba hata maji ya kunywa. Shangazi alimlea, akamsomesha, na hakumsimanga hata siku moja. Hapo ndipo alipomfunga. Masimango unaweza kuyakimbia. Wema usio na masimango utaukimbia uende wapi?

Sasa ofisi ya wapima ardhi ilikuwa inamtaka. Alifanya usaili wa kuchora ramani kwa siri, siku aliyotumwa sabuni, na Shangazi akalalamika kwamba sabuni siku hizi inauzwa mbali. Asubuhi hii simu ilikuwa imelia: aripoti kabla ya saa sita mchana, la sivyo kiti anapewa aliyemfuata.

"Shangazi, nilikuwa naomba..."

"Maliza shati hilo kwanza, mama."

Akalimaliza, akalikunja.

"Shangazi, kuna jambo nataka kuomba..."

"Na mashuka yale? Yamejinyoosha yenyewe?"

"Bado."

"Basi tuyaombee hayo kwanza." Shangazi akacheka kicheko chake kizuri, akarudi dukani, komeo likalia *tak*.

Gundi akanyoosha shuka. Mwale wa jua uliopenya kwenye tundu la ukuta ulikuwa umeshuka rafuni na sasa unatambaa sakafuni, hauna haraka, kama askari anayejua mfungwa haendi popote. Mvuke ukampanda usoni. Akajikuta amebana miguu, na safari hii si kwa sababu ya kibofu.

Komeo likafunguliwa. "Lete lile koti la kahawia. Mwenyewe kaja."

Gundi akalichukua, akalitambua kabla hata hajatoka nalo dukani kumwona mvaaji. Viwiko vilikuwa vimetiwa viraka, lakini koti ni lile lile.

"Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba. Nilikufundisha?"

"Kidato cha tatu na cha nne. Nilikaa karibu na dirisha. Waliniita Gundi."

Mzee akakuna kidevu. "Ulikwenda wapi?"

"Lini, Mwalimu?"

"Darasani kwangu. Sura zinanitoka siku hizi. Ninyi nawakumbuka kwa mlikokwenda. Yupo wa mtoni. Yupo aliyekuta nyuki wamehamia jikoni kwa mkuu wa shule, yule simsahau! Wewe ulikwenda wapi?"

Gundi alishika koti kwa mikono miwili. "Sikwenda popote."

"Aa," alisema mzee, bila lawama, kama mtu aliyepapasa mfuko akaukuta mtupu. Akavaa koti lake, akaaga vizuri, akaenda zake.

Miaka yote hiyo Gundi alitembea na sauti ya mzee yule kichwani. Kichwani mwa mzee, yeye hata kivuli hakuwa nacho.

"Rudi ndani, mama. Utaunguza shuka la watu."

Akarudi. Akazima pasi. Akavua aproni, akaikunja, akaja kusimama kizingitini, mlango wazi nyuma yake.

"Shangazi, nakwenda ofisi ya wapima ardhi. Wamenipa kazi."

Shangazi akageuka polepole. "Unaomba, au unaniambia?"

Neno *naomba* lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Gundi, limevaa viatu. Akalimeza.

"Nakwambia. Nikirudi jioni nitakueleza nilichokiona."

Uso wa Shangazi ulijikunja kama shati ambalo halijaonja pasi. Akatazama mashuka, akatazama aproni, macho yakashuka mpaka miguuni kwa Gundi.

"Kwa kandambili hizo? Watasema nilikuokota!"

Gundi akazitazama. Viatu vyake vilikuwa chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kina komeo.

Akatoka na kandambili. Alitembea ametega sikio nyuma, akingoja kusikia ule mlio wa *tak*. Mpaka anakata kona, hakuusikia.