Wasikilizaji Mia Tisa wa Baridi

Wateja walimwita Baridi kwa sababu alitengeneza friji, na jina likamkaa. Karakana yake ilijaa friji zilizokwisha kukata roho. Moja kubwa, aliyoilaza chali na kuitandika magodoro mawili, ndimo alimorekodia nyimbo zake. Aliinamisha kichwa humo pamoja na simu, akaimba. Sauti ilitoka safi, ila shingo iliuma siku mbili. Usicheke, wapo walioimbia pabaya zaidi.

Nyimbo saba alikwisha kuzipandisha mtandaoni, zote za kutunga mwenyewe, na zote zikadoda. Ule wa saba ulisikilizwa mara nne, mara mbili na yeye mwenyewe. Basi akajiapiza: wa nane ukipita bila mtu kuusikia, gitaa analitundika moja kwa moja. Na huo wa nane haukuwa wa mchezo. Ulihusu siku aliyozikwa mama yake, naye ana miaka sita, shangazi yake akakabidhiwa mtoto wa kulea.

Shangazi huyo, mshonaji wa sare za shule, mdomo mwepesi na moyo mwepesi zaidi, hakuambiwa wimbo unahusu nini. Aliambiwa tu kwamba upo, na kwamba ukidoda ndiyo basi tena.

"Udode na mimi nipo?" alisema. "Thubutu!"

Wiki ya kwanza wimbo ulichezwa mara mia mbili. Ya pili, ukafika mia tisa. Kichwa cha Baridi kikavimba. Akaanza kupungia wateja mkono kama mtu aliye jukwaani. Mama mmoja aliyemletea friji mbovu aliambiwa arudi wiki ijayo, kwani wasanii hawafanyi kazi Ijumaa, na nyama ya watu ikaoza.

Jumatatu ikaingia barua kutoka kwa wenye mtandao. Wimbo umeondolewa, ilisema, maana umechezwa tena na tena na simu sita zilezile, zote zikiwa mahali pamoja. Chini yake waliweka ramani ndogo, na mtaa ulioonyeshwa ulikuwa wa kwao.

Baridi alikwenda nyumbani mbio, bisibisi ingali mkononi. Katika chumba cha kushonea, juu ya rafu ya vifungo, simu sita zilipangwa foleni zikiwa kwenye chaji: ya shangazi, ya mumewe, ya dobi jirani, na tatu asizozijua. Zote zilikuwa zikicheza wimbo wake. Kilichosikika ni cherehani peke yake.

"Shangazi, mbona hazina sauti?"

"Nimezizima sauti, baba. Zinapishana, kila moja na lake, vipimo vya watu vikanipotea. Lakini kazi zinafanya! Tumefika wangapi?"

"Kwa hiyo wewe hujausikia?"

Mguu wa shangazi ukasimama juu ya cherehani. "Shule zinafunguliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema nikimaliza sare."

Mara mia tisa, na sikio hata moja hakuna! Baridi alijitupa juu ya robota la vitambaa. Alitaka kukasirika, lakini alipomweleza kwamba wimbo umefutwa, mama wa watu alishika kichwa kwa hofu ya kweli, hasira zikakosa pa kukaa. Wakatazamana. Kicheko kikawashika wote wawili, mpaka dobi akachungulia dirishani kuulizia simu yake.

"Haya, niimbie hapahapa," alisema shangazi akijifuta macho. "Leo sindano haigusi kitambaa."

Gitaa likaletwa. Baridi aliliinamia, kwani mtandaoni hakuna anayekutazama usoni. Aliimba mlango, akaimba mfuko wa nguo, akaimba watu wa msiba uani. Alipofika pale mwanamke anapotazama mzigo aliotwishwa, akakimbilia chumbani, akajifunika uso na kulia, shangazi aliinua mkono.

"Simama hapo. Nani kakwambia nililia?"

"Nilikuona nikiwa mlangoni. Mabega yalikuwa yanatikisika."

"Nilikuwa nacheka!" Akajipiga paja. "Wifi yangu nilimpenda, Mungu anajua. Lakini miaka tisa naomba mtoto, halafu naletewa wewe na kifuko chako! Furaha ilinishika pabaya. Ningechekaje mbele ya wafiwa? Nikaingia ndani, nikajifunika."

Miaka ishirini na miwili Baridi aliishi akijua kwamba aliingia nyumba ile kama mzigo. Utotoni alikula haraka na kidogo, akaosha sahani yake kabla ya kutumwa, asije akarudishwa. Sasa alizitazama nyuzi za gitaa na hakuziona vizuri.

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?" Shangazi akavuta kiti karibu, magoti yao yakagusana. "Futa hapo, andika nilicheka. Halafu anza upya, nakusikiliza."