Mama Hakutazama

"Unaona nini?" Mama aliuliza kutoka nje ya dirisha la maabara, akiwa amenipa mgongo.

Nilikuwa nimeinama juu ya hadubini yake, jicho moja nimelifumba. Umeme ulikuwa umekatika tena, kwa hiyo tulitegemea jua la asubuhi lililopiga kwenye kioo kidogo cha ile mashine. Niliona viduara, nyuzi, mapovu, uchafu unaoelea. Kila kimoja kilionekana kuwa ugonjwa, na papo hapo kikaonekana si kitu.

"Sijui, Mama."

"Sijui haiko jibu. Angalia tena."

Mimi ni mshona nguo wa mtaa wa Kikula. Mtu angeniambia mapema kwamba nitakuja kutafuta uhai wa mume wangu Banza ndani ya kinyesi chake, ningemcheka. Lakini wakati ule nilikuwa nimepotea kabisa. Kiwanda alichofanyia kazi Banza kiliacha kulipa watu, akaenda vijiji vya mto Lufira kununua mahindi, akarudi anahara. Akasema ni maji tu, yatapita. Kisha homa ikaja. Tukamtibu malaria, homa ikabaki palepale. Maumivu yakakaa ubavuni kulia, yakapanda hadi begani, kikohozi kikaanza. Daktari akahofia pafu. Jirani mmoja alisema ni vumbi la mgodi wa urani wa Shinkolobwe, mwingine akasema nimtafute mtu anayetuonea wivu. Niliwaamini wote kwa zamu, hadi nikamchukia kila aliyefungua mdomo.

Daktari aliagiza pia choo kipimwe. Maabara ya dispensari yetu ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu, maana mpimaji mwingine, Godefroid, aliondoka na treni za watu wa Kasai waliofukuzwa. Mtu huyo alikuwa mama yangu. Mara mbili Banza alinikabidhi kikopo, mara mbili Mama akapima, hakuna kitu. Baada ya kile cha pili alinifuata hadi uani kwangu.

"Fidélie, huyu muntu alikula sombe muzuri, na mahindi. Bwana yako iko nakula?"

Banza alikuwa hagusi kisamvu wala mahindi, hamezi chochote ila uji mwepesi.

Niliingia chumbani nikiwa nawaka. Alilala kwa ubavu wa kushoto, macho yamezama.

"Ni ya Arsène," alisema. Arsène alikuwa rafiki yake wa kiwandani, mzima wa afya. "Minye niko na soni. Mama yako ni bukwe yangu. Ataangalia mavi yangu namna gani?"

Sikujua nicheke au nimpige. Banza hakuwahi kula mbele ya mama mkwe wake. Akimwona njiani alivuka upande wa pili, kwa heshima, jinsi alivyolelewa. Sasa heshima hiyohiyo ilikuwa inampeleka kaburini, na nilimpenda, na nililia kwa hasira.

Nilidhani Mama atakasirika. Alisema tu, "Iko na haki. Utaangalia weye."

Ndiyo maana asubuhi ile Arsène alimbeba Banza mgongoni hadi choo cha dispensari, na kikopo kikanifikia kikiwa bado na joto, kwa sababu amiba, vijidudu ambavyo Mama alivishuku, vikipoa havitembei tena. Mama alinionyesha jinsi ya kuandaa kipande cha kioo kwa tone la maji ya chumvi, akatoka nje.

"Tafuta kintu inatembea," alisema sasa. "Inatoa muguu, inavuta mwili."

Jua lilihama, nikageuza kile kioo cha mwanga. Nikaona doa moja, au nilifikiri nimeona, likisukuma ubavu wake mbele na kujimimina humo.

"Iko natembea."

"Ndani yake kuko nini?"

"Viduara vidogo. Vya rangi ya chai."

"Ile ni damu ya bwana yako. Anaikula."

Nilipotazama tena sikuliona. Nilimwambia. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuingia, lakini hakuingia. Alipitisha mkono dirishani akaomba kalamu. Mama yangu, aliyewahi kugombana na daktari kwa kukataa kuandika jambo ambalo jicho lake halikuliona, aliandika kwamba amiba zipo, zinatembea, zimemeza damu. Akatia jina lake, Eugénie.

Daktari alisoma mara mbili. Sasa alishuku kwamba amiba zimepanda hadi kwenye ini, si pafu, na usaha umejaa humo. "Sitachoma ini ya muntu sindano kwa kubahatisha. Mama Eugénie aliona yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, docteur," nilijibu.

Nilimshika Banza mabega wakati sindano ndefu ikiingia chini ya mbavu. Nilijiuliza kama lile doa lilikuwa povu tu. Sindano ilivuta, haikutoa kitu. Daktari akaisogeza kidogo, akavuta tena, na usaha mzito wa kahawia ukaanza kupanda.

"Ni ini," alisema, akashusha pumzi. "Dawa yake iko. Atapona."

Nje, kwenye benchi, Mama alikuwa bado amekaa, akingoja kuambiwa kama alichoandika kilikuwa kweli.